Kabla ya bomba la kwanza: mwongozo wa maji na vyoo kwa vijiji vya Arumeru na Moshi Vijijini

Miradi ya maji ya vijijini huku kwetu mara nyingi haifi kwa kukosa chanzo. Inakufa kwa sababu koki ya gati (kituo cha kuchotea maji) imekatika, fundi aliyejenga amesharudi mjini, mfuko wa maji hauna hata nauli ya kumfuata, na kila mtu anasubiri mfadhili arudi. Hutakosa kuona gati lenye jiwe la uzinduzi na akina mama wakilipita na madumu kuelekea mtoni.

Nimewaandikia kamati za maji, serikali za vijiji na vikundi vilivyochoka kusubiri. Ujenzi nimeuweka katikati, si mwanzoni, na kwa makusudi: kijiji kikishajua kina maji kiasi gani, yana nini ndani yake na nani atayalipia, kuchimba mtaro ndiyo kazi nyepesi.

Kigezo cha kuanzia ni kile kilichowekwa na Sera ya Maji ya 2002: kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kijiji cha watu 3,000 basi kinahitaji lita 75,000 kwa siku na magati 12. Andikeni hesabu hiyo kwanza, ya kijiji chenu, kabla hamjaita mtu yeyote.

Hatua ya kwanza: pimeni chanzo wakati kimekonda

Chemchemi ya Mei hudanganya. Pimeni mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba kabla ya vuli, na mkiweza rudieni Februari kabla ya masika. Vifaa ni ndoo ya lita 20, kipande cha bomba na simu yenye saa.

Zibeni mbele ya chemchemi kwa udongo wa mfinyanzi na vipande vya mgomba, mkiacha maji yote yapite kwenye kile kipande cha bomba. Subirini yatulie. Mmoja akinge ndoo, mwingine ahesabu sekunde hadi ijae. Fanyeni hivyo mara tano na mchukue wastani. Mkiona maji yanapenya pembeni, msihesabu, zibeni upya.

Tuseme ndoo inajaa kwa sekunde 16. Hiyo ni lita 1.25 kwa sekunde, sawa na lita 4,500 kwa saa, au lita 108,000 kwa siku. Kwa watu 3,000 inaonekana inatosha na chenji inabaki. Lakini bomba hujengwa kwa miaka 20. Kijiji kikikua kwa asilimia 2.5 kwa mwaka, baada ya miaka 20 mtakuwa watu 4,900 hivi, nao watahitaji zaidi ya lita 122,000. Hapo chemchemi imeshashindwa, na bado hamjagusa mifugo: ng'ombe wa kienyeji anataka kama lita 25 kwa siku, wa maziwa hunywa zaidi ya mara mbili ya hapo. Na walioko chini yenu nao wanayategemea maji hayo hayo.

Kwa hiyo mapema kabisa mtajua kama mnahitaji chanzo cha pili. Mtajua pia ukubwa wa tanki. Usiku watu wamelala, chemchemi hailali: saa 10 za usiku kwa kiwango hicho ni lita 45,000, na tanki lisilobeba kiasi hicho litamwaga maji usiku huku foleni ikiwasubiri asubuhi.

Hatua ya pili: maabara, na habari ya floridi

Hapa ndipo Arumeru inapotofautiana na sehemu nyingi za nchi. Miamba ya volkano ya Meru hutoa floridi nyingi, madini yanayoyeyuka majini, na maji yake yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu mdomoni. Watu wa Ngurdoto, Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu hawahitaji kuelezwa. Meno ya kahawia wanayaona kwenye kioo. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, rangi ile haisuguliki tena kwa mswaki wala kwa mkaa. Kiwango kikiwa kikubwa na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo hupinda na viungo hukakamaa.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho kinachotumika Tanzania siku hizi. Zamani tuliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Kwa hiyo mkikutana na ripoti ya kale inayosema chanzo chenu "kinafaa", tazameni namba yenyewe, msitazame neno.

Mambo matatu ya kushika:

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo mnaiongeza ukali. Klorini nayo haiigusi.

Chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana sana. Pimeni kila moja, hata kama zimeachana kwa umbali wa kutupa jiwe.

Magadi ya kuchemshia makande na maharage nayo yana floridi. Nyumba inaweza kupata maji safi ya bomba na bado ikala floridi kila siku kutoka kwenye chungu. Kuwaambia akina mama waache magadi bila kuwapa njia nyingine ni kupoteza muda, maana kuni ni ghali na maharage makavu hayaivi upesi. Waambieni waloweke usiku kucha, wamwage yale maji, ndipo wabandike. Yanaiva mapema na kuni zinapungua.

Kwa kipimo cha floridi chupa safi ya plastiki inatosha. Kwa vimelea vya magonjwa, chukueni chupa iliyotakaswa kutoka maabara, ijazwe bila kugusa mdomo wake, iwekwe kwenye boksi la baridi na ifike siku hiyo hiyo. Ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ndiyo itakayowaelekeza kwenye maabara ya ubora wa maji. Usipelekwe mtungi wa soda uliosuuzwa mtoni. Nimeona ikifanyika, na majibu yake hayana maana yoyote.

Floridi ikizidi, mna njia tatu. Ya kwanza na bora ni kutafuta chanzo kingine, hata kama kiko mbali, au kuchanganya maji ya vyanzo viwili hadi kiwango kishuke. Ya pili ni mvua, kwa kunywa na kupikia tu. Familia ya watu sita ikitumia lita 5 kila mmoja kwa kazi hizo mbili ni lita 30 kwa siku; kiangazi cha siku 150 ni lita 4,500. Tanki la lita 5,000 linatosha, na paa la bati la mita za mraba 40 hulijaza kwa mvua ya milimita 160 hivi, ambayo masika ya kawaida huvuka. Maji ya mvua ya kwanza yaacheni yaoshe bati kabla ya kuelekeza bomba kwenye tanki. Ya tatu ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Linafanya kazi vizuri, ila mkaa huchoka. Kijiji kinachochagua njia hii lazima kijue nani atapima maji yanayotoka na nani atabadilisha mkaa. Bila hivyo chujio linageuka ndoo ya kupitishia maji.

Upande wa Moshi, chemchemi nyingi za mteremko wa kusini wa Kilimanjaro zina floridi ndogo. Tatizo lao zaidi ni vimelea. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, yamepita kihamba (shamba la nyumbani la migomba) baada ya kihamba, yameogesha watoto na yameonja mazizi. Ni ya kumwagilia migomba, si ya kunywa yakiwa mabichi, hata kama babu aliyanywa na akafika miaka tisini.

Hatua ya tatu: vibali na wazee

Vijiji vingi vya Arumeru na Moshi viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi yake iko Moshi mjini. Kibali cha kutumia maji kinatoka huko. Chanzo kikiwa ndani ya hifadhi, zungumzeni na wenye hifadhi pia kabla ya kupeleka jembe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Wekeni alama, pandeni miti ya asili, ng'oeni mikaratusi kama ipo.

Karatasi hizo ni muhimu, lakini mradi unaweza kukwama kwa watu wawili ambao hawamo kwenye fomu yoyote. Wa kwanza ni mwenye kihamba ambako bomba litapita. Ahadi ya mdomo hudumu hadi mzee afariki na watoto wagawane. Andikeni, wote wasaini mbele ya mtendaji wa kijiji, na mke wake awepo. Wa pili ni mzee wa mfongo. Mkifunga chemchemi inayolisha mfongo wake bila kukaa naye, bomba lenu litakatwa kwa sururu usiku na hakuna atakayeona. Mwachieni mgao wake kwa maandishi.

Hatua ya nne: nani atatengeneza, kwa hela ipi

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilileta RUWASA, na chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vile vinavyoitwa CBWSO. Chombo kinasajiliwa, kinakuwa na akaunti benki, na kinaajiri fundi na mhasibu. Kamati ya zamani ya kijiji, ambayo mwenyekiti ndiye mweka hazina na ufunguo wa gati uko kwa shemeji yake, haina nafasi tena. Vijiji vidogo vinavyotumia chanzo kimoja viungane kwenye chombo kimoja, la sivyo hakuna atakayemudu mshahara wa fundi.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji acheni maswali yaulizwe mpaka yaishe. Mama mmoja atasimama nyuma na kusema, "Mwenyekiti, samahani. Hiyo koki ikivunjika Jumamosi jioni nimpigie nani, na yeye atalipwa na nani?" Kama meza kuu inatazamana, ahirisheni mradi. Sisemi kwa utani.

Jibu la swali lake ni hesabu, na hesabu yenyewe ni hii kwa mfano. Watu 3,000 hawatanunua lita 75,000 zote, wekeni nusu. Hiyo ni lita 37,500, sawa na madumu 1,875 ya lita 20 kwa siku. Dumu likiuzwa shilingi 20, ambayo ni shilingi 1,000 kwa uniti (lita 1,000), kijiji kinakusanya shilingi 37,500 kwa siku, au 1,125,000 kwa mwezi. Wahudumu wa magati wakichukua asilimia 20, wanabaki na shilingi 225,000 za kugawana watu 12. Ni kidogo sana, na ndiyo maana mhudumu anafunga gati saa tatu asubuhi aende shambani. Fundi na mhasibu wakilipwa 400,000 kwa pamoja, klorini, nauli na vipuri vidogo vikila 150,000, mfuko wa matengenezo makubwa unapata 350,000. Sasa ondoeni miezi ya masika, ambapo watu wanakinga mvua na mauzo yanaporomoka. Namba zenu zitakuwa tofauti, ila fanyeni hesabu hiyo hadharani, ubaoni, kwa chaki.

Njia mbili huongeza mapato bila kupandisha bei ya dumu: kuunganishia nyumba zenye uwezo, kila moja na mita yake, na kuwauzia wenye mifugo kwenye mbauti (birika la kunyweshea) iliyojengwa mbali na gati. Mita iwepo kila mahali, pamoja na kwa mwenyekiti, kanisani, msikitini na kwenye zahanati. Wazee na wasiojiweza watajwe kwa majina na mkutano, wachote bure, na iandikwe. Msamaha usioandikwa huishia kwa wenye sauti kubwa.

Hatua ya tano: ujenzi

Usanifu ni kazi ya mhandisi, msikubali fundi wa mtaani "akadirie". Kazi yenu ni kujua cha kuuliza.

Muulizeni presha. Kila mita 10 za mteremko, zikipimwa wima, huzaa presha ya bar 1. Chanzo kikiwa mita 250 juu ya kijiji, hiyo ni bar 25, na bomba la PN10 hubeba bar 10 tu. Lazima kuwe na matanki ya kupunguza presha njiani, hapo angalau mawili. Mteremko wa Meru ni mkali. Mabomba mengi hupasuka usiku, maji yakiwa yamefungwa chini na presha imepanda.

Muulizeni vali za hewa ziko wapi kwenye miinuko, na vali za kusafishia tope ziko wapi mabondeni. Muulizeni kama vipuri vya koki anazoweka vinapatikana madukani Arusha au Moshi. Koki nzuri inayoagizwa ng'ambo itawatesa.

Mtaro uwe na kina cha mita moja, zaidi kwenye mashamba yanayolimwa kwa trekta. Kuchimba na kufukia kunaweza kuwa mchango wenu wa nguvu kazi; kwa Kilimanjaro wanajua msaragambo ni nini. Gaweni mita kwa kaya, mkague kina kwa fimbo iliyokatwa kabisa, na msifukie kabla bomba halijajazwa maji na kukaguliwa maungio.

Kwenye chemchemi, chemba ya kukusanyia iwe imefunikwa, ina bomba la maji ya ziada lenye wavu, na juu yake kuna mfereji wa kuepusha maji ya mvua. Uzio uwepo. Sakafu ya gati iwe na mfereji unaopeleka maji yaliyomwagika kwenye migomba au mboga. Dimbwi mbele ya gati ni mazalia ya mbu na mahali pa nguruwe kugaagaa.

Kabla ya kufungua, osheni tanki na kulitia klorini. Kwa tanki la lita 50,000 kipimo cha miligramu 50 kwa lita ni kilo 2.5 za klorini tupu, yaani karibu kilo 3.85 za unga wa asilimia 65. Mimina unga kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Vaeni glavu, fungueni mlango. Yaacheni maji hayo saa 24, kisha myamwage mbali na mto, mfongo na bwawa la samaki. Baada ya hapo, dozi ya kila siku ilenge mabaki ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kwenye koki ya mwisho kabisa, si kwenye tanki. Fundi awe na kipimo cha klorini cha kulinganisha rangi mfukoni.

Hatua ya sita: choo

Maji yakifika na vyoo vikabaki vile vile, kuhara kutapungua kidogo tu. Kampeni ya Nyumba ni Choo imesaidia, lakini shimo lililozungushiwa magunia halijawa choo bora. Choo bora kina sakafu inayooshika, kuta, paa, mlango, mfuniko wa tundu, na maji na sabuni hapo hapo.

Mahali: upande wa chini wa chanzo cha maji, angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo ibaki mita 2 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kwenye miamba yenye nyufa ongezeni umbali.

Shimo: la duara, kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 3. Kwa familia ya sita, kila mtu akijaza lita 60 kwa mwaka, mkiacha nusu mita juu, linakaa karibu miaka minane. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni laini na mvua ikizidi hubomoka, kwa hiyo jengeni kuta kwa mawe au matofali, walau mita ya juu.

Sakafu: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na nondo nyembamba ndani. Imwagiliwe maji kwa siku saba. Watu huikanyaga siku ya pili na kushangaa ikipasuka. Bomba la kutolea hewa lipite nusu mita juu ya paa, lifungwe wavu juu yake, na ndani ya choo kubaki giza; nzi wakifuata mwanga wananasa kwenye wavu. Kama mnatumia sinki la plastiki lenye kifuniko kinachojifunga, mnahitaji maji kidogo tu ya kumwagia.

Kunawa: kibuyu chirizi hakigharimu kitu. Dumu la lita 5, tundu la msumari, kamba na kijiti cha kukanyagia. Sabuni itobolewe na kufungwa kwa kamba, la sivyo kunguru au mtoto ataichukua. Na kuna maboma ambako mke wa mtoto hawezi kuingia choo kimoja na baba mkwe. Afisa afya asicheke, achimbe viwili.

Shimo likijaa, lifunikeni udongo, pandeni mgomba pembeni, mchimbe lingine. Mkitaka kulifukua, lipumzike kwanza miaka miwili.

Shuleni kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na chumba chenye maji na mlango unaofungwa kwa ndani kwa wasichana walio kwenye hedhi. Sabuni iingie kwenye bajeti ya shule.

Baada ya uzinduzi

Fundi apite njia nzima ya bomba kila mwezi, na ndani ya siku mbili baada ya mvua kubwa. Mita ya tanki ilinganishwe na jumla ya mita za magati. Pengo likifika robo, kuna mpasuko au kuna mtu amejiunganishia. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kwa mtendaji kila mwezi, kwa shilingi, siyo kwa asilimia. Sampuli ya vimelea ipelekwe tena maabara wakati masika yamekolea, Aprili au Mei, kwa sababu ndipo uchafu wa mashambani unaposhuka kwenye chemba, na ndipo mtakapojua kama ule mfereji wa juu ya chemchemi ulichimbwa sawasawa.